Uzi Ulioishia Katikati ya Neno

Februari 10

Kwako mjukuu wangu, daktari wangu mtarajiwa,

Najua simu ipo. Lakini simu inanong'ona, na masikio yangu siku hizi yanataka kelele. Tuendelee na barua kama mwaka jana na mwaka juzi.

Kifurushi hiki nimempa dereva wa basi mkononi. Ndani utakuta koti jeupe la maabara. Mabega nimeyaachia nafasi, maana nakujua, ukisoma unainama kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Kwenye mfuko wa kifuani nimedarizi neno DAKTARI. Usiniambie kutangulia si kufika. Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya daktari ni koti.

Neno hilo nimelidarizi kwa uzi wa kahawia wa marehemu mama yako, uliokuwa umebaki kwenye kopo lake. Uliishia katikati ya neno, nikanunua mwingine wa rangi ile ile nikamalizia. Hutaona palipoungwa. Ni kitu cha kwanza chenye rangi kupita kwenye cherehani yangu tangu tumzike. Unajua mtaa mzima unaniita Fundi Mweupe, kwa sababu ya mashuka ya hospitali na sare za wauguzi. Wanasema mzee bado anamlilia bintiye, na mimi nawaacha waseme.

Mtihani huu wa kuingia chuo cha udaktari ni wa tatu kwako, na baada ya wa tatu wanafunga mlango. Kwa hiyo fanya kama tulivyozoea: kila sura unayoisoma, nieleze mimi. Nikiielewa mimi, msahihishaji hana pa kutokea.

Babu yako,
Fundi


Februari 24

Shikamoo Babu,

Koti limefika na limenikaa kama nilizaliwa nalo. Nililivaa siku hiyo hiyo kwenda maabara ya twisheni. Wenzangu walicheka, Babu. Mmoja alishika tumbo. Wakawa wananionyesha mfuko na kucheka tena. Siwalaumu. Mtu aliyefeli mara mbili akitembea na neno DAKTARI kifuani, anajitakia mwenyewe. Lakini nalivaa, na nitalivaa mpaka wachoke.

Nimepanga chumba cha uani kwa mama mmoja mfuma vitambaa. Ni mkali wa maneno ila ana huruma. Ananiita "mpangaji wangu wa vitabu".

Somo la leo ni osmosisi. Ukikata nyanya ukainyunyizia chumvi, baada ya muda sahani inajaa maji. Maji hayo yalikuwa ndani ya nyanya. Kila chembe hai ina ngozi nyembamba inayopitisha maji na kuzuia vingine, na maji hukimbilia upande wenye chumvi nyingi. Ndiyo maana mtu akinywa maji ya bahari, kiu inazidi. Umeelewa?

Mtihani wa karatasi haunitishi. Kinachonitisha ni ule wa vitendo, ulioniangusha mara zote mbili. Mkufunzi anachanganya dawa kwenye neli ya kioo, chini yanatulia mashapo, halafu anauliza ni ya rangi gani. Wenzangu wanajibu kwa mdomo mmoja kama waliokubaliana bila mimi. Mimi naona matope. Nikisema kahawia, kumbe ni kijani. Nikisema kijani, kumbe kahawia. Mkufunzi anasema nabahatisha, na ni kweli nabahatisha. Nimekariri kila chumvi na rangi yake, lakini nikikutana nayo ana kwa ana siijui.

Niombee.

Mjukuu wako


Machi 5

Mjukuu wangu,

Osmosisi nimeielewa mpaka nimemfundisha msusi wa hapa jirani. Sasa hataki kuweka chumvi kwenye kachumbari, anasema nyanya zinalia.

Waliokucheka, waache. Anayecheka mwisho ndiye anayecheka sana.

Habari ya matope nimeisoma, nikairudia. Labda ni mwanga wa hiyo maabara. Simama karibu na dirisha. Mimi sina la zaidi la kukwambia hapo.

Tuma sura nyingine.

Babu


Machi 19

Shikamoo Babu,

Sura hii nimeipenda kuliko zote, na nimeipangia maneno ya ushonaji ili usinisumbue.

Ni habari ya urithi. Kila mtu ana maelekezo ya mwili wake yaliyofungwa kwenye vitu vinavyoitwa kromosomu, nusu kutoka kwa baba, nusu kutoka kwa mama. Jozi moja ndiyo inayoamua mtoto awe wa kike au wa kiume. Mwanamke ana X mbili. Mwanamume ana X moja, na mwenzake ni Y, kafupi, hakana maelekezo mengi.

Sasa chukua X kama kitambaa. Mwanamke ni gauni lenye bitana. Kitambaa cha nje kikiwa na kitundu, bitana inakifunika, na hakuna atakayejua. Mwanamume ni shati lisilo na bitana. Kitambaa chake kikiwa na kitundu, kinaonekana. Ndiyo maana kuna kasoro zinazowapata zaidi wanaume, ingawa wamezipokea kwa mama zao, na hao mama wenyewe wazima kabisa.

Mfano wa kitabuni ni upofu wa rangi. Mtu anaona vizuri, anasoma, anatunga uzi kwenye sindano, ila hatofautishi nyekundu na kijani, au kijani na kahawia. Wengine wanazeeka bila kujua, maana mtu huyaamini macho yake. Kuna picha ya kupimia: duara la vidoa vidoa vyenye namba katikati. Mwenye macho mazima anaisoma. Kitabu changu mimi ni cha fotokopi, vidoa vyote vijivu, kwa hiyo darasa zima tumekuwa vipofu. Tulicheka sana.

Mama mwenye kitundu chini ya bitana, mtoto wake wa kiume ana nusu ya uwezekano wa kukipata. Ni kama kurusha shilingi.

Niulize swali lolote. Hapa najisikia mwalimu.

Mjukuu wako


Machi 28

Mjukuu wangu,

Umeeleza vizuri. Nina swali moja tu. Huyo mama mwenye bitana, kile kitundu yeye alikipata wapi?

Nimekutumia na mchezo mdogo. Ndani ya bahasha mna nyuzi mbili, kila mmoja nimeuzungushia kwenye kipande cha kadibodi. Niambie kila mmoja ni wa rangi gani. Nijibu upesi.

Babu


Aprili 8

Shikamoo Babu,

Swali lako ni la mtihani kabisa! Huenda amekipata kwa mama yake, au kwa baba yake. Baba akiwa na kitundu, kila binti yake atakichukua, hana ujanja. Baba ana X moja tu, kwa hiyo hana kingine cha kumpa. Kinapita kwa binti kimya kimya, kinatokea kwa mjukuu. Ningekuwa msahihishaji, ningekupa alama zote.

Kuhusu nyuzi zako, Babu, umezeeka. Nimezitazama chumbani, nikazitazama dirishani, nikatoka nazo juani. Zote rangi moja! Umekata uzi mmoja mara mbili, ukaniita nicheze. Au ndiyo mtego wenyewe? Kama ni mtego, nimeutegua. Nimezitumia kufungia madaftari yangu, zisipotee bure.

Mtihani ni mwanzoni mwa Mei. Nimekuwa nikisimama karibu na dirisha kama ulivyosema. Nipe baraka zako.

Mjukuu wako


Aprili 20

Mjukuu wangu,

Hapa kwetu tu wazima. Hospitali wameongeza oda ya mashuka. Msusi anakusalimu.

Kuna jambo nilitaka kukuandikia, lakini ni refu, litangoja. Nenda kafanye mtihani wako kwa utulivu. Baraka zangu unazo zote.

Babu


Juni 15

Babu,

Matokeo yametoka. Sikupata.

Karatasi ya biolojia nimeongoza chumba kizima cha mtihani. Ya kemia nimefaulu vizuri. Vitendo nimepata alama za aibu, siziandiki hapa. Walituwekea chumvi, tuichome, tutaje rangi ya mwali wake. Najua kwamba shaba hutoa mwali wa kijani na lithiamu mwekundu. Najua kwa nini, naweza kukueleza ukalala. Lakini ule mwali ulipowaka mbele yangu ulikuwa mwali tu, Babu, wa rangi ya moto. Nilimtazama mwenzangu wa meza ya jirani, akaandika bila hata kufikiri. Nikabahatisha. Nimebahatisha mitihani mitatu.

Mimi ni mjinga wa namna gani, ninayelijua jibu na nisiyeliona? Mkufunzi ameniambia kwa upole kwamba si kila mtu ameumbiwa sayansi. Afadhali angenitukana.

Madaftari nimeyasukuma chini ya kitanda. Natafuta kazi yoyote. Tafadhali usiniite tena daktari, hata kwa utani.

Mjukuu wako


Juni 24

Mjukuu wangu mpendwa,

Soma barua hii ukiwa umekaa.

Wewe si mjinga. Nyuzi nilizokutumia, mmoja ulikuwa mwekundu na mwingine wa kijani. Msusi ndiye aliyenichagulia, kwa sababu mimi mwenyewe nikizitazama ni uzi mmoja.

Mimi ni huyo mtu wa kitabuni mwako. Nimeshona maisha yangu yote na sijawahi kuiona tofauti ya nyekundu na kijani. Nilipokuwa kijana nilidhani watu wamefundishwa kitu ambacho mimi sikufundishwa. Nikajifunza kuwasikiliza wateja wakitaja rangi na kujifanya naziona. Kisha mama yako alipokuwa binti mdogo, alinikuta nimepinda suruali ya kahawia ya mteja kwa uzi wa kijani. Hakucheka. Alikwenda kwenye kopo la nyuzi akafunga mafundo kwenye ncha: fundo moja nyekundu, mawili kijani, matatu kahawia. Hakumwambia mtu. Mpaka anaolewa, mpaka anakuzaa, kila wiki alipita dukani kunifungia mafundo, na watu wakasifu jinsi Fundi anavyojua kupatanisha rangi.

Alipofariki, hakubaki wa kunifungia mafundo, na kwenye kopo lake ulibaki uzi mmoja tu wenye mafundo, ule wa kahawia. Ndipo nikaingia kwenye nyeupe. Mtaa ukasema ni majonzi, na majonzi yalikuwapo, Mungu anajua. Lakini nyeupe niliichagua kwa sababu nyeupe siikosei.

Kuna jambo jingine. Unazikumbuka penseli zako za rangi? Mama yako alichonga kila moja ubavuni akaiandika jina lake, nyekundu, kijani, kahawia. Mimi nilidhani anakufundisha kusoma. Sasa najua alikuwa anakufungia mafundo na wewe. Nadhani alingoja ukue ndipo akuambie. Hakupewa muda.

Nilianza kushuku ulipotaja matope. Uliponieleza habari ya bitana, nilitaka kuhakikisha, ndipo nikakutumia zile nyuzi. Ilipofika barua yako ya "zote rangi moja", nilifunga duka mchana kweupe. Niliandika barua ya kukwambia, nikaichana. Nikaandika nyingine, nayo nikaichana. Niliogopa utakata tamaa kabla ya mtihani. Niliogopa pia utajua kwamba ulichopewa kilitoka kwangu, kupitia kwa mwanangu ambaye sikuwa na kingine cha kumpa. Ningependa kusema lililonizuia zaidi ni la kwanza.

Wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi na wewe tulihitaji kuambiwa, na mimi sikukuambia.

Nisamehe.

Babu yako


Julai 3

Babu,

Nimekwenda ofisi ya mitihani na barua yako mfukoni. Mama wa dirishani alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema mtahiniwa asiyetofautisha rangi anatakiwa kusema kabla ya siku ya mtihani, anapewa msaidizi wa kumtajia rangi, na hapunguziwi alama. Akaniuliza kwa nini sikusema. Kisha akanitafutia faili langu, akanionyesha kwamba mara tatu zimetimia.

Uliijua kweli mwezi Aprili.




Julai 12

Mjukuu wangu,

Sikulijua hilo la msaidizi, ila hiyo si sababu. Ningekuambia, ungeuliza, nao wangekujibu.

Nimekwenda mwenyewe kwa mganga mkuu ninayemshonea mashuka, nikamsimulia yote mbele ya watu. Anasema atakuandikia barua ya kuomba wakufungulie mlango mara ya nne. Anasema pia nisiweke matumaini.

Babu


Agosti 9

Mjukuu wangu,

Ofisi imemjibu mganga mkuu. Wamekataa. Nakuandikia kwa sababu mara hii sitaki habari ikungoje.

Sijui kama unazifungua barua zangu. Mtaani siku hizi nawaambia ukweli kwa nini nashona nyeupe. Wengine wamecheka. Mteja mmoja wa zamani amekumbuka suruali yake.

Babu


Septemba 21

Shikamoo Babu,

Barua zako nilizifungua zote, siku ile ile zilipofika. Kujibu ndiko kulikonishinda. Nilikukasirikia sana, na hasira yenyewe haijaisha. Ila imechoka, na mimi nimechoka kuibeba.

Mwenye twisheni amenipa kazi ya kufundisha biolojia ya karatasi. Si nilichokitaka. Kuna siku nawaeleza wanafunzi habari ya moyo au figo, naona nyuso zao zinafunguka, halafu nakumbuka kwamba wao watakwenda na mimi nitabaki ubaoni. Nikirudi chumbani nalia, Babu. Sitaki kukuficha. Tumefichana vya kutosha.

Siku ya kwanza ya darasa nilizifungua zile nyuzi zako kutoka kwenye madaftari. Mama mwenye nyumba amenifungia fundo kwenye ule mwekundu. Kila mwanafunzi mpya, kabla hajajiandikisha mtihani, namwita pembeni nimuulize ni rangi gani. Mpaka leo hajatokea wa kusema zinafanana. Akitokea nitajua la kumwambia, na nitamwambia siku hiyo hiyo.

Nina habari nyingine. Wiki iliyopita mama mwenye nyumba alilianua koti langu kwenye kamba. Akaja nalo mlangoni, uso umemkunjamana. "Wewe mpangaji wangu wa vitabu, nani alikudarizia neno la rangi mbili?" Nikamwambia neno ni la kahawia. Akasema, "DAK ndiyo kahawia. TARI ni kijani kama jani la mgomba." Nilisimama pale nikawakumbuka wenzangu wa maabara na yule aliyeshika tumbo. Nikacheka, Babu, nikacheka mpaka nikashika ukuta. Nilipomaliza kucheka, mama wa watu akanipa ncha ya kanga yake nijifute.

Kumbe hicho kijani ndicho ulichomalizia, ulipoishia uzi wa mama.

Ana mkono mzuri na alitaka kunisaidia. Akasema atafumua neno lote, alidarizi upya kwa rangi moja, watu wasinicheke tena. Nimemkataa. Nimemwambia hizo herufi tatu za kwanza ni za mama yangu, hazifumuliwi. Na nimemwambia kwamba mimi nikilitazama naona neno zima, la rangi moja, na palipoungwa sipaoni. Akauliza, nani mwingine duniani anaweza kuliona hivyo? Nikamwambia yupo mmoja tu, na Jumamosi naenda kumwona.

Niwekee kopo la mama mezani.

Mjukuu wako